Nasaha na Shauri: Usawa wa Lugha katika Unasihi Kisiwani Pemba

Istilahi “ushauri nasaha” imeunganisha maneno mawili yenye asili ya Kiarabu ambayo hayalingani. Nasaha hushuka: mzee humpa kijana, somo humpa mwari. Shauri huenda na kurudi, na kwa hiyo watu hushauriana. (Ajabu ni kwamba mnasihi wa leo hufunzwa asitoe nasaha.) Kisiwani Pemba tofauti hii haiishii kamusini. Mwanamke wa Micheweni hueleza yaliyomsibu kwa Kipemba. Mnasihi amesomea Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa 1928. Mnasihi akimsahihisha usemi, au akiidhania “naam” yake ya adabu kuwa ni ridhaa, shauri limekwisha kuwa nasaha, na lililomleta hurudi nalo nyumbani.