Ajali Haina Kinga? Istilahi za Kiswahili katika Utafiti wa Kuzuia Majeraha na Ukatili: Mfano wa Jinja na Mbale, Mashariki mwa Uganda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna msamiati na sarufi ya Kiswahili vinavyoweza kusaidia au kukwamisha utafiti wa kuzuia majeraha na ukatili. Yanachunguza maneno ajali, jeraha, kufa maji na ukatili, pamoja na kauli za vitenzi zinazomficha mtenda. Hoja kuu ni kwamba neno linaloandikwa katika daftari la hospitali au la polisi huamua ni hatua gani za kinga zitakazofikiriwa baadaye. Mfano unatoka Jinja na Mbale, wakati Uganda inapokipa Kiswahili nafasi rasmi.

1.0 Utangulizi

Barabara kuu itokayo Kampala huvuka Mto Naili mjini Jinja, hupita Iganga na kufika Nakalama, ambako njia ya Tirinyi huchepuka kuelekea Mbale. Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, na kila moja ina hospitali ya rufaa ya mkoa. Mbale ina pia Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema. Kati ya majiji haya, katika wilaya za Iganga na Mayuge, Chuo Kikuu cha Makerere kina eneo la kufuatilia afya na idadi ya watu, ambako kaya hutembelewa mara kwa mara na matukio ya uzazi, vifo na uhamaji kurekodiwa.

Katika ukanda huu majeruhi mmoja hupita katika lugha kadhaa. Jamaa zake husimulia tukio kwa Lusoga, Lumasaaba au Luganda. Askari anaweza kuhoji kwa Kiswahili, lugha iliyotumika kwa muda mrefu katika jeshi na polisi ya Uganda. Daktari naye huandika kwa Kiingereza. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, kwa kufuata maelekezo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kadiri uamuzi huo utakavyotekelezwa, ndivyo fomu, madodoso na miongozo ya afya itakavyohitajika kwa Kiswahili. Kwa hiyo suala la istilahi linahitaji kutatuliwa kabla fomu hizo hazijachapishwa.

2.0 Mtazamo wa utafiti wa majeraha

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, daktari wa upasuaji Olive Kobusingye na wenzake walianzisha Kituo cha Udhibiti wa Majeraha Uganda, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere. Miongoni mwa matunda ya kazi yao ni kipimo cha ukali wa majeraha kinachojulikana kwa jina la Kampala. Kipimo hicho hutumia mambo matano: umri, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, hali ya fahamu na idadi ya majeraha makubwa. Hakihitaji mitambo ya gharama kubwa, hivyo muuguzi wa hospitali ya wilaya anaweza kukitumia. Hivi sasa utafiti wa aina hii unaendelezwa na kitengo cha majeraha na ulemavu katika Shule ya Afya ya Umma ya Makerere.

Msingi wa kinadharia wa utafiti huu unatokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya daktari Mmarekani William Haddon. Haddon aligawa tukio katika nyakati tatu, yaani kabla, wakati na baada, kisha akachunguza kila wakati kwa upande wa mtu, chombo na mazingira. Chukulia abiria wa boda boda aliyegongwa karibu na Iganga. Kabla ya tukio kuna breki, mwendo na upana wa bega la barabara. Wakati wa tukio kuna kofia ngumu. Baada yake kuna muda wa kufikishwa hospitalini. Kila kipengele ni mlango wa kuingilia kati, na kosa la dereva ni mlango mmoja tu kati ya mingi.

3.0 Ajali na jeraha

Neno ajali lina asili ya Kiarabu, ambako ajal ni muda uliowekwa, hususan muda wa kufa. Maana hiyo ya majaliwa haijafutika, kama methali "Ajali haina kinga" inavyothibitisha. Jambo la kuzingatia ni kwamba jamii hiyohiyo husema "Kinga ni bora kuliko tiba", na hakuna anayeshangaa methali hii inapotumiwa kuhimiza matumizi ya chandarua. Malaria imekubalika kuwa na kinga, ilhali ajali bado imewekwa nje ya uwezo wa binadamu. Tofauti hiyo imejengwa na lugha, kwa kuwa matukio ya barabarani yana vyanzo vinavyoweza kupimwa sawa na malaria.

Tatizo hili si la Kiswahili pekee. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, liliamua kuacha kulitumia neno la Kiingereza lenye maana hiyo, kwa hoja kwamba majeraha mengi yanatabirika na yanazuilika. Polisi ya Uganda iliripoti vifo 4,534 vya barabarani mwaka 2022 na 4,806 mwaka 2023. Idadi zinazokaribiana hivyo mwaka baada ya mwaka haziwezi kuelezwa kuwa ni bahati mbaya.

Hata hivyo, kulibadilisha neno ajali kwa mgongano hakutoshi, maana pikipiki iliyopinduka peke yake haikugongana na kitu. Istilahi pana zaidi ni tukio la barabarani. Neno jeraha nalo lina mipaka yake. Katika matumizi ya kawaida jeraha ni kidonda kinachoonekana, ilhali katika sayansi linajumuisha sumu, kuungua, kuzama na damu kuvujia ndani ya fuvu. Mtu aliyeumia kichwa bila ngozi kupasuka anaweza kujibu kwa dhati kwamba hakupata jeraha. Katika dodoso, kitenzi kuumia kikifuatiwa na orodha ya mifano kitaleta majibu sahihi zaidi.

4.0 Kauli za vitenzi na mtenda aliyefichwa

Uainishaji wa kimataifa wa magonjwa hutenganisha aina ya jeraha na chanzo chake cha nje, na katika chanzo hutenganisha yaliyokusudiwa na yasiyokusudiwa. Kiswahili kina uwezo wa kufanya hivyo kwa mofolojia yake, lakini mazoea ya kuandika huupoteza uwezo huo. Linganisha jozi hizi: amevunjika mkono na amevunjwa mkono, ameungua na ameunguzwa, ameumia na ameumizwa, ameanguka na ameangushwa. Neno la kwanza la kila jozi linaeleza hali bila kudokeza mtenda. La pili linamdokeza mtenda hata asipotajwa.

Mwanamke akifika hospitalini Mbale na kuandikiwa "ameanguka, amevunjika mkono", takwimu zitampeleka katika kundi la maanguko ya nyumbani. Iwapo aliangushwa, kesi hiyo imekwisha kutoweka katika hesabu ya ukatili, na Sheria ya Ukatili wa Kinyumbani ya mwaka 2010 haitamfikia kupitia rekodi hiyo. Muuguzi hatakiwi kuhukumu. Anatakiwa kuuliza, kwa faragha, iwapo kuna aliyesababisha, kisha kuandika kauli inayolingana na jibu. Pale jibu lisipopatikana, fomu iwe na nafasi ya "nia haijabainika", kama uainishaji wa kimataifa unavyoruhusu.

5.0 Kufa maji na kuzama

Jinja iko mahali Naili inapotoka katika Ziwa Viktoria, na watu wengi huko hutegemea uvuvi na usafiri wa majini. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Amsterdam walikubaliana kuieleza hali hii kuwa ni mchakato wa kupumua kukwamishwa na kimiminika, ambao unaweza kuishia kwa kifo, madhara au kupona kabisa. Usemi kufa maji hauwezi kubeba dhana hiyo, kwa sababu huwaacha nje waliookolewa. Kitenzi kuzama huwajumuisha, lakini hutumika pia kwa mitumbwi. Makala haya yanapendekeza mtu kuzama majini, huku matokeo yakiandikwa katika safu tofauti.

Umuhimu wa hilo unaonekana katika utafiti uliofanywa Uganda kwa rekodi za kuanzia Januari 2016 hadi Juni 2018 katika wilaya 60. Rekodi za polisi wa wilaya, polisi wa majini, vikosi vya zimamoto na vyumba vya kuhifadhia maiti zilitoa matukio 1,435. Asilimia 81 ya vifo vilivyobainika vilipatikana katika chanzo kimoja tu. Ili rekodi hizo ziunganishwe, sharti kila ofisi iliite tukio kwa jina lilelile.

6.0 Ukatili katika madodoso

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliochapishwa Uganda mwaka 2018, ulibaini kuwa miongoni mwa vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 59 ya wanawake na asilimia 68 ya wanaume walifanyiwa ukatili wa kimwili utotoni. Takwimu za namna hii hupatikana kwa kuuliza vitendo mahususi. Swali "Je, ulifanyiwa ukatili?" humtaka mhojiwa atoe hukumu kwanza, na kipigo cha mzazi au mwalimu huitwa adhabu. Maswali kama "Je, ulipigwa kofi, ngumi au teke?" na "Je, ulichapwa kwa fimbo?" hayamtaki afanye hivyo. Neno ukatili libaki katika uchambuzi na sera, lisitumike kama swali.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Kwanza, fomu za Kiswahili zitenganishe tukio, chanzo, nia na matokeo katika safu nne. Pili, neno ajali liachiwe mazungumzo ya kawaida na lisiwe aina ya takwimu. Tatu, istilahi zijaribiwe na wauguzi, askari na timu za afya za vijiji wa Jinja na Mbale, sambamba na visawe vya Lusoga na Lumasaaba, kabla hazijasanifishwa. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na vituo vya vyuo vikuu katika kazi hiyo. Fedha za matuta, jaketi za kuokolea na hifadhi kwa waathiriwa hugawiwa kwa kufuata takwimu. Jeraha lililoandikwa kwa kauli isiyo sahihi halitahesabiwa pale fedha hizo zinapopangwa.