Kitanda cha Anayeuguza

Mwaka 1974, mjini Philadelphia, daktari wa saratani za watoto Audrey Evans alishiriki kuanzisha Ronald McDonald House ya kwanza, nyumba ya kulala wazazi waliotoka mbali. Wengi huziona nyumba za aina hiyo kuwa sadaka. Mimi naziona kuwa sehemu ya tiba. Saratani ya damu ya mtoto mara nyingi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu, kwa awamu, na katika baadhi ya awamu hizo mtoto halazwi: huja, huwekewa dripu, huondoka. Aondoke aende wapi, kama kwao ni Kigoma? Nauli ikiisha, mama humrudisha kijijini, na ugonjwa uliokuwa umeanza kunywea hurudi na nguvu mpya. Ndiyo maana shirika la Tumaini la Maisha, linalohudumia watoto hao katika Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, lina hosteli yake, Ujasiri House.

Wapo watakaosema fedha zinunue dawa kwanza, na kwamba Dar es Salaam hakosekani ndugu. Lakini dozi iliyokatishwa njiani ni fedha iliyomwagwa. Na ndugu mwenyewe pengine amepanga chumba kimoja Mbagala. Mtoto ambaye dawa zimemshushia kinga hubanwa kwenye daladala ya kwenda hospitali, abiria wakikohoa juu ya kichwa chake. Kasoro ya kweli ya hosteli iko kwingine: haiwafikii wadogo wa mtoto huyo waliobaki nyumbani, wala shamba ambalo msimu huu halina wa kulipalilia.