AMANA YA CHUPA NA FAIDA YAKE

Wasomaji wetu wanaijua desturi ya dukani: mtu akinunua soda ya chupa ya kioo, naye hakuja na chupa tupu, hana budi kuweka fedha kidogo mpaka airudishe. Wengine hudhani kuwa huo ni ujanja wa mwenye duka. Sivyo. Chupa ile huoshwa na kujazwa tena mara nyingi. Mnunuzi amenunua kinywaji, hakununua chupa. Fedha yake ni amana tu.

Twapenda leo kueleza jinsi desturi hii ilivyofanywa sheria katika jimbo la Oregon, Marekani, maana habari zake zina mafunzo. Huko chupa na makopo matupu yalikuwa yamezagaa kando ya barabara na pwani. Mwaka 1971 baraza la jimbo lilitunga sheria, ikaanza kutumika Oktoba 1972: kila anunuaye bia au soda aweke amana, kwa kawaida senti 5 za dola, arudishiwe aletapo chupa au kopo. Taka zile zikapungua sana. Hapakuwekwa askari kila njia. Chupa ilijilinda yenyewe kwa kuwa ilikuwa na thamani. Hata mwenye mali alipoitupa, mwingine aliiokota akapata fedha yake.

Lakini nguvu ya fedha haikai vile vile siku zote. Amana ya senti 5 haikubadilishwa kwa miaka zaidi ya 40, huku bei za vitu zikipanda. Hata ilipofika mwaka 2016, senti 5 hazikuweza kununua kile kilichonunuliwa kwa senti 1 mwaka 1972. Basi watu wakaona si kitu, na katika kila vyombo 100 vilivyouzwa vilirudi kama 64 tu. Amana zisizodaiwa zilibaki kwa wauzaji wa jumla.

Kwa bahati njema, sheria ilikuwa imekwisha kuwekewa kipimo: vikirudi pungufu ya 80 katika 100 kwa miaka miwili mfululizo, amana iongezwe. Tarehe 1 Aprili 2017 ikawa senti 10, na mwaka 2018 vilivyorudi vilizidi 80.

Mafunzo ni matatu. Kwanza, mtu hukitunza kitu akijua kuwa kukitupa ni kujitia hasara mwenyewe. Pili, amana ndogo mno haimwamshi mtu, kwa hiyo yapasa kupimwa tena mara kwa mara. Tatu, mahali pa kurudishia pawe karibu, maana hapana atembeaye saa nzima kwa ajili ya senti 5.

Wazee wa mji na walimu wanaohangaika na taka za sokoni na shuleni wayafikiri haya. Kukataza ni vyema, lakini katazo husahauliwa. Fedha yake mtu haisahau.