Kutoka Pangani hadi Boma la Arusha

Boma la Wajerumani tunalolipita mjini lina historia ndefu. Mwaka 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodishia kampuni ya Kijerumani pwani yetu, wenyeji hawakuulizwa. Abushiri bin Salim akaongoza vita kutoka Pangani, akanyongwa huko Desemba 1889. Kisha Wajerumani wakapanda bara. Waarusha na Wameru waliwapinga mwaka 1896, wakashindwa. Mwaka 1900 wakalazimishwa kulijenga boma hilo.

Waingereza nao, mwaka 1951, waliwahamisha Wameru kutoka Engare Nanyuki wakachoma nyumba zao, ili walowezi wapewe ardhi. Kirilo Japhet akafikisha malalamiko Umoja wa Mataifa mwaka 1952.

Funzo ni hili: mkataba bila ya wenyewe huzaa dhulma.