Mgeni Afikapo Rumonge Aone Nini?

Msafiri atokaye Kigoma, akavuka mpaka wa Manyovu na kupita Mabanda hadi Nyanza-Lac, huutambua mwambao wa Rumonge kwanza kwa michikichi yake. Imesimama pande zote mbili za barabara, kutoka miguuni mwa milima hata karibu na maji, na harufu ya mawese humfikia mgeni kabla hajaliona soko. Mji wenyewe uko kilomita zipatazo 75 kusini ya Bujumbura. Mgeni asitafute hapo jumba la opera kama lile la Stockholm au Copenhagen, wala ratiba ya maonyesho iliyobandikwa ukutani. Sanaa ya mwambao huu aghalabu imo vinywani mwa watu, na kwa bahati njema lugha yake ni hii hii ambayo msomaji anaisoma sasa.

Hata hivyo hapana budi kuanza na ngoma, kwa kuwa ndiyo Burundi wanayoonyeshwa wageni. Ngoma hiyo ilikuwa ya kifalme, na katika Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma na vilevile ya ufalme. Huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma, ikawambwa ngozi ya ng'ombe. Moja, inkiranya, hukaa katikati na kuongoza. Zile ziitwazo amashakwe hushikilia mwendo usiobadilika, na ibishikizo huifuata inkiranya. Wapigaji huingia uwanjani wamezibeba vichwani huku wakizipiga, jambo ambalo mtu haliamini mpaka aone kwa macho yake. Mahali pa kuitazama ni Gishora, karibu na Gitega, juu milimani na mbali na ziwa. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu.

Sauti yake ilitangulia kufika mbali. Michel Vuylsteke aliirekodi mwaka 1967. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell wa Kanada aliitumia rekodi ya ngoma hizo katika santuri yake. Na mwaka 1982 wapigaji wenyewe walipanda jukwaani huko Uingereza katika tamasha la kwanza la WOMAD. Nyumbani masharti yaliongezeka. Amri ya Rais ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kuzipiga, ikaagiza pia kwamba maonyesho yapatiwe kibali cha wizara ya utamaduni. Ni kweli kwamba tangu kale kazi hiyo iliachiwa wanaume, lakini mila ni kitu kimoja na amri ya serikali ni kitu kingine.

Wanawake wa milimani wana sanaa yao ambayo haijapata kuhitaji kibali. Yaitwa akazehe, nayo ni salamu ya kuimbwa. Wawili wakikutana baada ya kutengana kwa muda mrefu, mmoja huanza na mwenziwe huidakia, sauti zikasukana kama ukili hata msikilizaji asijue ipi ni ya nani. Huwezi kuiagiza kama chai. Siku hizi imekuwa adimu, na mgeni atakayeisikia kwa bibi mmoja wa kijijini amepata zaidi ya yule aliyepiga picha mia moja za ngoma.

Ukishuka sasa kutoka milimani hadi ukingoni mwa ziwa, utamaduni huwa na sura nyingine. Waislamu ni wengi Rumonge, Kiswahili husikika sokoni na bandarini, na siku za Idd nguo za watu zingeweza kuwa za Ujiji. Asili yake ni biashara ya karne ya 19. Misafara ya kutoka Ujiji ilivuka kwa mitumbwi kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuitia nchi ya kaskazini mwa ziwa mkononi mwake, akazuiwa na watu wa Mwami Mwezi Gisabo. Mapadri Weupe nao walijenga misheni yao Rumonge mwaka 1879. Mwaka 1881 wamisionari watatu wakauawa hapo. Kisha wakaja Wajerumani, waliojenga boma la Usumbura mwaka 1897, na askari wao walisema Kiswahili.

Kwa hiyo si ajabu kwamba lugha hii haikupokewa kwa mikono miwili. Kwa Warundi wengi wa milimani, mtu akiitwa "Umuswahili" hakuwa amesifiwa: maana yake ilikuwa mjanja, mwenye maneno mengi, asiyeaminika. Neno hilo limedumu kuliko misafara yenyewe. Mgeni wa Afrika Mashariki asemaye Kiswahili chake kwa fahari huenda asijue kwamba mwenyeji anayemjibu alikwisha kutaniwa kwa lugha hiyo hiyo shuleni.

Lakini Kiswahili cha Rumonge kina chanzo cha pili, na hicho ni cha machungu. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac. Yaliyofuata ni mauaji makubwa ya Wahutu nchini kote, na watu wengi sana walikimbilia Tanzania. Walikaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili, wakaimba kwa Kiswahili, wakaoa na kuolewa huko. Kuanzia mwaka 2008 maelfu yao walirudi, na wengi walikuta mashamba ya baba zao, pamoja na michikichi iliyomo, yana wenyewe wengine. Baadhi walijengewa makazi mapya yaliyoitwa vijiji vya amani. Kijana aliyezaliwa Mishamo alifika "nyumbani" kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, Kirundi chake kikichekwa na Kifaransa asikijue kabisa. Mali aliyokuja nayo ilikuwa methali, nyimbo na namna ya kusimulia. Mwenye kutaka kujua fasihi ya mwambao huu na akae kibarazani na watu hao, asikimbilie kuuliza habari za ardhi, bali aanze na salamu ndefu kama ipasavyo.

Warundi walikwisha kuonyesha kwamba lugha hii yaweza kuwa sanaa yao pia. Khadja Nin, mzaliwa wa Bujumbura, aliimba kwa Kiswahili katika santuri zake za miaka ya 1990, na Ulaya ikamsikiliza.

Jioni, mgeni ateremke bandarini. Wavuvi wa dagaa, ambao Warundi huwaita ndagala, hutoka usiku wa giza na kuwavuta samaki kwa mwanga. Zamani ulikuwa wa karabai, na taa za betri zimechukua nafasi yake. Zikiwa nyingi, ni kana kwamba kuna mji mwingine juu ya maji. Chakula cha heshima ni mukeke, yule ambaye Kigoma wamwita mgebuka. Hupasuliwa, akachomwa juu ya makaa, akaletwa na vitunguu na ndizi. Akiwa mbichi wa usiku ule ule hahitaji viungo vingi, na mpishi anayemzamisha katika pilipili huenda ana jambo la kuficha. Mwenye kupanga safari akumbuke kwamba mwaka 2024 nchi nne za ziwa zilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Afadhali kuulizia kwanza. Mwaka huo huo maji ya ziwa yalipanda na kuziingilia nyumba za ukingoni, hata Rumonge.

Barabara ya kwenda Bujumbura hufuata maji karibu njia nzima. Kwenye mlima wa Gitaza iliwahi kukatwa na maporomoko mwaka 2015. Mbele zaidi, Mugere, kilomita zipatazo 12 kabla ya mji, liko jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Walilala hapo siku mbili. Wapiga makasia waliowaleta kutoka Ujiji hawakuandikwa.

Safari imalizikie Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura tangu enzi za Wabelgiji, wenye njia zilizonyooka, gereji zisizohesabika na misikiti. Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa na Kirundi, na mgeni wa kutoka pwani hucheka dakika tano za kwanza. Dakika ya sita huanza kuuliza maana ya maneno.