Betri mbadala ya kamera si lazima iwe bandia

Hapa Butihinda, wapiga picha wa harusi na vitambulisho hutuuliza iwapo ni kosa kuvuka Kobero na betri ya kamera isiyo ya kampuni iliyounda kamera yenyewe. Si kosa. Betri mbadala hubeba jina la mtengenezaji wake na kutaja kamera inayoifaa. Betri bandia huiba jina la kampuni nyingine. Kuiuza ni udanganyifu.

Hatari imo ndani. Kwa kawaida seli ya lithiamu haipaswi kuchajiwa kupita volti 4.2, na betri njema ina saketi ya kukata umeme kikomo kinapofikiwa. Bandia huweza kukosa kinga hiyo, ikavimba, hata ikawaka.

Kabla ya kulipa, linganisheni volti na betri ya awali, 7.2 na 7.4 hazina tofauti ya maana. Betri ya umbo lile lile ikidai uwezo maradufu, itilieni shaka. Chajini mkiwa macho, mbali na godoro. Iliyovimba isitobolewe wala kutupwa motoni.

Tena, daini stakabadhi. Aliyeuziwa bandia na atuarifu mapema: bila karatasi hiyo, ni vigumu kwetu kumfikia muuzaji.