Bure, Huru na Huria: Istilahi katika Ufundishaji wa Mifumo ya Kompyuta

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza matatizo ya istilahi yaliyojitokeza tulipokuwa tukiwafundisha wanafunzi wa Kiswahili, katika chuo kimoja katikati ya jiji la Nairobi, namna ya kuweka na kutumia mifumo ya kompyuta isiyofungwa na leseni za biashara. Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa lugha ana haja gani na kazi ya mafundi? Jibu letu ni kwamba wanafunzi wetu kadhaa, wakaao Kangemi na Kawangware, hutumia kompyuta kuukuu walizonunua zikiwa na nakala zisizo halali za programu. Huandika tasnifu za Kiswahili kwa mashine inayowasemesha Kiingereza peke yake. Kwa hiyo suala hili ni letu pia.

2. Maana ya "huria"

Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU. Msingi wake ni kwamba mtumiaji awe na uhuru wa aina nne: kuiendesha programu kwa lengo lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kuwapa wengine nakala, na kuwapa nakala alizozibadilisha. Kiingereza kina neno moja kwa kitu kisicho na bei na kwa kitu kisicho na kifungo. Hivyo watetezi wa jambo hili wamelazimika kutoa maelezo marefu kila mara. Kiswahili hakina shida hiyo, ila mwalimu sharti achague vizuri.

Sisi tulianza vibaya. Tulisema "programu za bure". Bure ni bila malipo, lakini pia ni pasipo faida, kama tusemapo kwamba fulani amejisumbua bure. Mwanafunzi mmoja akauliza: ikiwa kitu hiki ni kizuri, mbona hutolewa bure? Akatukumbusha kuwa rahisi huvunja upishi. Kisha tukajaribu "programu huru". Neno hili nalo lina kasoro: hueleza hali ya kitu chenyewe, ilhali hapa anayefunguliwa ni mtumiaji, si programu.

Tukaishia kwenye "huria". Neno hili lina asili moja na "huru" katika Kiarabu, lakini katika Kiswahili limezoea kutaja uwanja ambao watu hawazuiliwi kuingia: soko huria, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, shairi huria. Mfano wa mwisho unatufaa zaidi. Wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba shairi huria si shairi lisilo na utaratibu. Kadhalika programu huria si programu isiyo na sheria. Leseni ya GNU iliyotolewa mwaka 1989, kwa mfano, humlazimu mwenye kusambaza nakala aliyoibadilisha awaachie wengine uhuru uleule alioupata yeye.

3. Sakinisha, gawanya, futa

Ama kuhusu kitendo cha kuuweka mfumo ndani ya kompyuta, tulikubali kitenzi "sakinisha". Kusakini ni kukaa mahali. Kusakinisha ni kufanya kitu kikae. Wanafunzi walilielewa neno hili upesi, kwa kuwa mnyambuliko wake ni wa kawaida.

Hatua zenyewe si ngumu. Mwanafunzi hunakili kazi zake zote mahali pengine. Huutia mfumo katika flashi. Huiwasha kompyuta kwa flashi hiyo na kuujaribu mfumo pasipo kugusa diski. Ndipo anapoigawanya diski na kusakinisha. Tuliwahi kusema "gawa diski", na wengine wakashangaa inagawiwa nani. Kugawa ni kutoa mafungu kwa watu. Kugawanya ni kutenga sehemu.

Kosa hilo lilituchekesha. La pili halikuchekesha. Katika karatasi ya maelekezo tuliandika "tayarisha diski", tukimaanisha kuipangia diski muundo mpya, jambo ambalo hufuta kila kilichomo. Mwanafunzi mmoja, ambaye hakuwa amenakili kazi zake, alisoma neno hilo kama lilivyo. Kutayarisha hakuna dalili ya hatari. Alibonyeza, na sura mbili za tasnifu yake zikapotea. Lawama ilikuwa yetu, wala si ya mashine. Tangu hapo karatasi yetu husema "futa diski yote na kuipanga upya". Ni maneno mengi kuliko istilahi moja, lakini yanasema kweli.

4. Nafasi ya wanaisimu

Yafaa ikumbukwe kwamba njia hii ilikwisha kufunguliwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu kwa Kiswahili. Mwaka huohuo ulitokea mfumo wa Ubuntu, uliojengwa juu ya kiini cha Linux alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Jina lake, kutoka lugha za Kinguni, lina mzizi mmoja na neno letu "utu".

Hata hivyo, mwanafunzi achaguaye Kiswahili katika mfumo kama huo hukuta sehemu zilizotafsiriwa na nyingine zilizobaki katika Kiingereza. Hukuta pia istilahi zinazoshindana: Nairobi shuleni husemwa "tarakilishi", Dar es Salaam "kompyuta". Programu iliyofungwa ingemwachia manung'uniko tu. Programu huria humruhusu kusahihisha tafsiri na kuipeleka kwa watunzaji wake.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba istilahi haipimwi kwa ufasaha peke yake, bali pia kwa yale ayatendayo mtu baada ya kuisoma. Twapendekeza kila istilahi ya kompyuta ijaribiwe mbele ya wanafunzi wenye mashine mikononi kabla ya kuingizwa katika orodha zetu. Neno likimpotosha mmoja wao, na lirudishwe mezani.